Kukirudisha kiwanja cha mtaa: mwongozo kwa watu wa Mombasa

Kila mtaa wa Mombasa una kipande chake kisicho na mwenyewe. Kwetu Majengo kilikuwa kiwanja kilichobanwa kati ya migongo ya nyumba nne na ukuta wa shule: asubuhi jaa la takataka, usiku malazi ya vijana walioshikwa na unga wa kulevya, masika dimbwi la mbu. Kwengine ni ukumbi wa jamii uliopigwa kufuli na hajulikani ufunguo anao nani, au ngazi za ghorofa ambazo taa yake iliungua zamani na kila mpangaji anamngoja mwenzake anunue globu.

Nimeshiriki kurekebisha maeneo ya namna hii mara tatu. Mara ya kwanza ilituharibikia kabisa. Tulipata mfadhili, tukapata rangi, tukachora ukutani samaki na majahazi, tukapanga viti vya chuma, tukapigwa picha tukiwa na fulana mpya. Baada ya miezi minne viti vilikuwa vimeshapimwa kilo kwa mnunuzi wa skrepu, na chini ya wale samaki limerudi jaa lile lile. Hakuna aliyetuhujumu. Tulikuwa tumeparemba mahali bila kujua ni pa nani, panatumiwa na nani, na nani atapafagia sisi tukishakwenda zetu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na maswali hayo, na rangi utaikuta mbali huko chini.

Hatua ya 1: Keti hapo siku saba

Usishike jembe. Chukua daftari na kiti cha plastiki, ukae. Kaa alfajiri watu wakitoka msikitini, kaa saa nne asubuhi, kaa alasiri, pita tena saa tatu usiku. Andika nani anapita na nani anaketi, kivuli kiko upande gani saa ngapi, maji yanasimama wapi, na takataka zinaletwa na nani, kwa chombo gani.

Hilo la mwisho litakushangaza. Sisi tulikuwa tukiapa kwamba uchafu unaletwa na watu wa mtaa wa pili. Siku saba za daftari zilionyesha ndoo za nyumba zetu wenyewe, nyingi zikibebwa na watoto waliotumwa kabla ya kwenda shule, na mkokoteni mmoja wa mkahawa wa pembeni uliokuja saa tano usiku. Tungeanza na mabango ya kuwatisha watu wa mtaa wa pili, tungekuwa tumegombana na wasiohusika.

Pia utagundua kuwa mahali palipotupwa si patupu. Pana muuza kahawa na dele lake, pana wazee wa bao, pana mama wa viazi karai, fundi viatu, vijana wa boda boda wanaojibanza kivulini, na kamba za kuanikia nguo. Hao ndio wenyeji. Ukianza kazi kwa kuwafukuza ili mahali papendeze, umewafukuza walinzi. Muuza kahawa peke yake anaona mengi kuliko kamera yoyote.

Chora ramani ya mkono kwa kupima kwa hatua za miguu. Haihitaji kuwa nzuri. Itundike dukani, watu waisahihishe kwa kalamu. Utaambiwa habari za chemba iliyofukiwa na kisima cha kale ambazo usingezipata kwa mkutano.

Hatua ya 2: Ardhi ni ya nani?

Hapa ndipo wengi huanguka, na Mombasa ina mafundo yake ambayo bara hawayajui vizuri. Kwetu kuna ile desturi ya nyumba bila ardhi: mtu anamiliki kuta na paa, mwengine anamiliki udongo uliopo chini, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi. Kwa hiyo mzee anayekwambia "hapa ni kwangu" huenda anasema kweli na bado hana mamlaka ya kukuruhusu kuchimba mtaro. Kuna pia mali ya wakfu, ambayo aliyeiweka aliiweka kwa shughuli maalumu, na huwezi kuibadilisha matumizi kwa makubaliano ya barazani. Uliza msikitini, kisha uulize Tume ya Wakfu. Na kuna ardhi ya umma, ambayo Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaieleza. Viwanja vya wazi vingi vilivyo mikononi mwa kaunti vinashikwa kwa amana ya wakazi.

Nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi, yaani upekuzi wa rejista ya umiliki, ukiwa na namba ya ploti. Kama namba huna, tafuta ramani ya upimaji ya mtaa. Ukizungushwa, andika barua ukitumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016: ofisi ya umma inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Weka nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Mimi nimejifunza kwamba barua isiyo na muhuri ni hadithi tu.

Mmekuta kwamba kiwanja ni cha umma lakini tayari kina hati ya mtu? Hilo lipo. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa 2003 na kutoa ripoti yake 2004, ilijaza vitabu kwa ardhi za umma zilizogawiwa kinyume cha sheria nchi nzima. Jambo la namna hiyo si la kikundi cha mtaa kulimaliza kwa jembe. Lipelekeni kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, au kwa bunge la kaunti kwa njia ya ombi la maandishi, haki ambayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi. Na mkumbuke, kupanda miti si hati. Nimeona watu wakipanda minazi kumi na kudhani wamejipatia kinga.

Kiwanja kikiwa cha kaunti, ombeni ruhusa ya maandishi ya kukitunza, isemwe mipaka, muda, na yale mnayoruhusiwa kufanya. Kufagia na kupanda huwa jambo jepesi. Kujenga chochote cha kudumu, hata kibanda, kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Usikubali mtu yeyote, hata mwakilishi wadi, akwambie "jengeni tu, nitaongea nao." Uchaguzi hupita, na tingatinga halijui uliongea na nani.

Hatua ya 3: Mikutano miwili, na wa pili ndio wenyewe

Mkutano wa kwanza utakuwa wa wanaume, na utakuwa wa maneno. Uitishwe na mzee wa mtaa, chifu apewe habari, usiwekwe Ijumaa mchana wala usiku wa mechi kubwa. Watu watalalamika serikali saa nzima. Waache walalamike, wakimaliza, waonyeshe ramani yenye masahihisho ya kalamu na uulize swali moja: mahali hapa palikuwa na kazi gani zamani? Wazee watasimulia michezo, harusi, maulidi, mahali palipopikwa pilau ya matanga. Andika yote.

Mkutano wa pili uwe wa kina mama, uani kwa mtu, baada ya alasiri, na uongozwe na mama. Nilikaa pembeni ya mmoja nikiandika. Tulikuja na mchoro wetu wa bustani, maua mviringo katikati. Bibi mmoja akautazama kwa muda.

"Mwanangu, na nguo nitaanika wapi?"

"Bibi, tulidhani kamba zitaondolewa ili..."

"Mwadhani. Hapo naanika miaka ishirini, jua la mchana lafika hapo tu. Mkishapanda maua yenu nitaanika kichwani?"

Kina mama wakacheka, na mchoro wetu ukafa hapo hapo. Maua yakahamia ukutani, katikati pakabaki wazi kwa watoto, na upande wa magharibi tukaweka nguzo imara za kamba. Hadi leo hizo nguzo ndizo kitu kinachotunzwa kuliko vyote pale, kwa kuwa kila nyumba ina shuka lake juu yake.

Vijana wa unga nao waulizwe, si mkutanoni bali na mtu mmoja wanayemwamini. Wao hulala hapo, na wanajua nani huja usiku. Tuliwapa kazi ya kulipwa ya kuchoma majani na kubeba kifusi. Mmoja alifanya kazi wiki tatu kwa bidii kuliko sisi sote, kisha akapotea na toroli. Toroli ilirudi, yeye hakurudi. Wengine wawili bado wanafagia. Msiahidi kumponya mtu. Hiyo ni kazi ya vituo vya tiba, na mnachoweza ni kumsindikiza anapotaka.

Hatua ya 4: Kikundi na karatasi zake

Fupi tu. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi, katiba ya kikundi na kumbukumbu za mkutano wa kuchagua viongozi. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu itawaonyesha fomu. Fungueni akaunti yenye watia saini watatu, angalau mmoja mwanamke, na wasiwe wa nyumba moja. Mweka hazina awe mtu mwenye duka la kudumu mtaani: mtu ambaye hawezi kuhama usiku.

Hatua ya 5: Liondoeni jaa, lakini kwanza lipatieni pa kwenda

Jaa haliondoki, huhama. Mkilisafisha Jumamosi bila kupanga ndoo za Jumatatu zitakwenda wapi, mtalikuta Jumanne. Kabla ya siku ya usafi zungukeni nyumba kwa nyumba, mkubaliane na kikundi cha vijana wanaozoa taka kwa malipo ya wiki, na mjue wanazipeleka wapi: kituo kinachotambuliwa na kaunti, ambako lori huchukua kwenda jalala la Mwakirunge. Mkokoteni unaomwaga ufuoni au kwenye mikoko ya Tudor si huduma. Yule mwenye mkahawa wa saa tano usiku tulimwendea kwa adabu, wazee watatu na kikombe cha chai, tukampa ratiba ya mkokoteni. Alikuwa na haya kuliko tulivyotarajia.

Kila aliyewahi kuingia kisiwani kwa daraja la Makupa anaukumbuka moshi wa Kibarani, jalala lililokuwa likimpokea mgeni kwa harufu. Leo upande ule una miti na nyasi. Kilichowezesha ni kwamba malori yalielekezwa Mwakirunge. Nyasi peke yake isingetosha.

Siku yenyewe muanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijakaza, na mmalize saa nne. Glovu nzito, viatu vilivyofunika vidole, reki, beleshi, toroli. Sindano zitakuwepo. Hakuna kuzishika kwa mkono hata kwa glovu: zichukuliwe kwa koleo, zitiwe ndani ya chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, zipelekwe kituo cha afya, na watoto wasiruhusiwe kuingia mpaka eneo lipigwe reki mara mbili. Atakayechomwa aende hospitali saa ile ile, asingoje kesho. Pikeni mahamri na mbaazi kwa wafanyakazi. Sisemi kwa mzaha. Mkutano ulioletewa chai hukaa, na kazi iliyoletewa mbaazi humalizika.

Hatua ya 6: Maji, kisha kivuli

Wengi hupanda kabla ya kutazama maji. Ngojeni mvua moja kubwa, mtoke na mwavuli, muone yanatoka wapi na yanasimama wapi. Mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi zaidi Mombasa, na mtaro uliojengwa kwa kubahatisha mwezi wa Januari huumbuka hapo. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, sehemu nyingi hunyonya maji vizuri, kwa hiyo mara nyingi shimo la kunyonyea lililojazwa mawe makubwa chini na kokoto juu linatosha. Lisichimbwe karibu na kisima wala karibu na shimo la choo.

Maji ya mfereji ni ya zamu, na visima vingi vina chumvi. Kama kuna paa karibu ambalo mwenyewe ataruhusu, fanya hesabu hii: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 litatoa karibu lita 2,000, ukiacha zinazomwagika. Tangi liwe na kifuniko na wavu.

Na hapa niseme neno juu ya matairi. Ni mtindo sasa kuyapaka rangi na kuyapanga kama vyungu vya maua. Yanapendeza kwenye picha, lakini tairi hushika maji kwenye ukingo wake wa ndani, na mbu wa Aedes, yule anayeuma mchana, hapendi mahali pengine kama hapo. Mombasa ilipatwa na mlipuko wa chikungunya, homa inayoenezwa na mbu huyo, mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Waliougua wanakumbuka viungo vilivyokataa kukunjika. Kama hamna budi, toboeni kila tairi matundu makubwa chini na kulijaza mchanga kabisa. Mimi ningeyaacha.

Miti ipandwe masika yanapoanza. Ardhi ni jiwe, kwa hiyo mtaimbo na subira: shimo la nusu mita au zaidi kila upande, lijazwe udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi. Mwarobaini hauna makuu na huvumilia chumvi na ukame. Mkungu hutandaza matawi kama mkeka, kivuli chake ndicho bora kwa wazee wa bao, ila majani yake makubwa humwagika na yatafagiwa. Mkwaju ni wa wajukuu. Mwembe una kivuli kizuri, lakini msimu ukifika mawe ya watoto yatashukia mabati ya jirani na mtaanza kesi upya. Mbuyu ukiwepo, uacheni ulipo na mjenge kuuzunguka.

Wanaodai kwamba hapa hakiwezi kuota kitu waende Bamburi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda ndani ya shimo lililoachwa na uchimbaji wa mawe ya saruji, mahali pasipo na udongo kabisa. Alijaribu aina 26 za miti na tatu tu ndizo zilizopona, mmoja wao mvinje. Kisha majani makavu ya mvinje yakalundikana bila kuoza, hadi alipoleta majongoo wakayatafuna na kutengeneza mboji. Sisi jongoo tukimwona twamtupia chumvi. Shimo lile leo ndilo Haller Park, na somo lake kwetu ni kupanda vichache vya majaribio kwanza, kutazama mwaka mmoja kipi kinapona, kisha kuongeza.

Mche uzungushieni miti na makuti miaka miwili kwa sababu ya mbuzi. Uwe na nyumba inayoitwa kwa jina inayoumwagia mtungi wa lita 20 mara mbili kwa wiki. Mti wa "sote" hufa.

Hatua ya 7: Pa kuketi, na taa

Jengeni baraza, msinunue viti. Baraza la mawe na sakafu laini halibebeki kwenda kwa mtu wa skrepu, halishiki kutu kwa hewa ya bahari, na watu wetu wanajua kulikalia tangu enzi. Urefu wa kwenda juu uwe wa goti la mtu mzima. Kwa wazee ongezeni kidogo, kwa sababu kuinuka ni kazi. Lielekee njia na watoto wanapochezea, lisielekee mlango wa mtu.

Taa moja ya sola yenye nguvu ya wastani, iliyofungwa juu ya ukuta wa nyumba ya mtu anayekubali kuilinda, ni bora kuliko nguzo mbili katikati. Ulizeni majirani mwanga utaingia dirisha gani.

Hatua ya 8: Majengo ya pamoja

Nyumba na kumbi za kale zina ugonjwa mmoja unaoletwa na tiba. Kuta za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nene, na zinapumua: unyevu huingia na kutoka. Mtu akiona lipu inamomonyoka, anapiga saruji juu. Saruji hufunga. Unyevu na chumvi hubaki ndani, baada ya misimu michache saruji inabanduka mabamba kwa mabamba na kuondoka na uso wa jiwe, na ncha za boriti zilizozama ukutani zinaoza kimya kimya mpaka dari linakuja chini. (Hizo boriti za mikoko, kwa urefu wake wa kama mita tatu, ndizo zilizofanya vyumba vya zamani viwe vyembamba.)

Dawa ni kurudi kwenye chokaa. Chokaa kilowekwe kiive majini wiki kadhaa. Kikikaa miezi, bora zaidi. Kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga safi wa mtoni, kamwe si wa pwani, kwa kuwa utakuwa unapaka chumvi ukutani. Ondoa saruji ya zamani taratibu kwa patasi, safisha, lowesha ukuta, piga tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, kisha la pili likishashika. Funika kwa magunia mabichi siku kadhaa lisikauke kwa pupa. Usipige lipu kwenye jua la mchana wala kaskazi ikivuma kwa nguvu. Mwisho ni chokaa chepesi kama maziwa, mikono minne au mitano badala ya mmoja mzito. Vaeni miwani, chokaa huchoma macho. Na tafuteni mwashi mzee, mumlipe vizuri, mumpe vijana wawili wa kujifunza naye, kwa sababu mikono inayojua kazi hii inapungua kila mwaka.

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo kabla ya kugusa mlango, roshani au hata rangi ya nje, pitieni ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Watu huiogopa ofisi hiyo bure. Ni afadhali ushauri wake kabla ya kazi kuliko agizo la kubomoa baadaye.

Kwa ghorofa za kawaida mambo ni makavu zaidi. Andikeni vitu vya pamoja: ngazi, paa, tangi, pampu, chemba, geti, taa. Ghorofa ambayo kila nyumba ina mwenye hati yake inaongozwa na Sheria ya Mali ya Sehemu ya 2020, na wenye nyumba wana shirika lao linalowajibika kwa sehemu za pamoja na kukusanya michango. Mkiwa wapangaji, msitumie shilingi kabla mwenye nyumba hajakubali kwa maandishi, na mkikubaliana gharama ikatwe kwenye kodi, iandikwe kiasi na mwezi. Anzeni na taa ya ngazi. Ni rahisi, inaonekana usiku ule ule, na mpangaji wa ghorofa ya nne aliyekataa kuchanga ataona haya kupandia mwanga wa wenzake. Karatasi ya michango ibandikwe mlangoni, majina na tarakimu, kila mwezi.

Hatua ya 9: Pesa, na kalenda ya serikali

Changeni kwanza, hata kidogo kidogo. Mfadhili akikuta kazi imeanza hukaa mezani tofauti na akikuta mikono mitupu. Michango ya vitu ni bora kuliko ahadi za fedha: lori la mchanga, siku mbili za mwashi, sufuria la pilau.

Kaunti nayo ina kalenda, na wengi hupiga hodi mlango ukiwa umefungwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ukitaka taa, mtaro au bomba la kaunti, barua yenu iwe mezani mwa wadi Juni au Julai ili iingie kwenye mpango wa Septemba, ambao pesa zake zitatoka mwaka utakaofuata. Mtu anayekwenda Mei kuomba mtaro wa masika hayo hayo anapoteza nauli ya tuktuk. Mikutano ya maoni ikitangazwa, nendeni watu kumi mkiwa na ombi moja. Watu kumi wenye maombi kumi huandikwa "wakazi walitoa maoni mbalimbali."

Hatua ya 10: Rangi, na ufagio

Sasa pakeni rangi. Watoto wachague, kina mama wakubali, na asije mtu kuandika jina la mgombea ukutani kwa bei yoyote ile.

Kisha ufagio. Mwezi wa kwanza kila mtu atafagia. Mwezi wa nane ndio mtihani: picha zimeshasahaulika, mwenyekiti amepata kazi Mtwapa, ndoo ya kwanza imemwagwa pale pembeni usiku. Ndoo hiyo iondolewe kabla ya adhuhuri, bila ugomvi na bila kumtafuta aliyemwaga, kwa sababu ikilala siku mbili itaita ya pili. Zamu za kujitolea hufa haraka, kwa hiyo sisi tunamlipa mtu mmoja kidogo kwa wiki, kutoka kwa wanaopata riziki pale: muuza kahawa anatoa, mama wa viazi anatoa, boda boda wanatoa, na harusi ikifanyika kiwanjani familia inatoa na kuacha mahali pakiwa safi. Kiasi kinaandikwa daftarini dukani, wazi.

Mara mbili kwa mwaka mzunguke mahali pote na lile daftari la siku saba. Mwisho wa Februari zibueni mtaro na mkague paa, tangi na shimo la maji kabla ya masika. Septemba, kabla ya vuli, kateni matawi makavu, zibeni nyufa za baraza, pakeni chokaa upya palipochujuka, na mhesabu miche iliyokufa. Yetu mwaka huu ni miwili, yote upande wa lango la shule, ambako mbuzi wa jirani wamegundua kwamba makuti yanalika.